Kishikwambi cha Arobaini

Wahenga walisema akiba haiozi. Inaoza. Nimeiona ikioza, na aliyeiweka ni mimi mwenyewe, mwenye stashahada ya ufundi wa simu yenye mihuri miwili.

Nafanya kazi kwenye duka la simu nyuma ya soko la mji wa Craiova, kati ya muuza mbegu na fundi viatu. Tunabadilisha vioo vilivyopasuka, tunauza chaja, na juu ya kaunta kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: UMEWEKA NAKALA? Mteja akija analia kwamba simu imetumbukia chooni na picha zote za ubatizo zimo humo, huwa namwonyesha kibao kwanza, kiti baadaye. Ni raha ndogo ya kazi isiyo na raha nyingi.

Babu yangu Ilarion alifariki mwezi Machi, kijijini kwetu Prunesti, plamu zikiwa bado hazijachanua. Alikuwa na kishikwambi. Aliyekinunua ni shangazi Leontina, anayetunza wazee wa watu kule Padova, Italia. Aliyekiandaa ni mimi. Nilimfungulia babu akaunti, nikamwekea neno la siri ambalo ni jina la punda wake, nikawasha ule mpango unaopeleka picha na sauti mtandaoni bila mtu kugusa kitu. Miezi mitano baadaye, shangazi aliporudi Italia baada ya likizo, nilimfundisha babu kurekodi sauti ili azungumze naye. Kwenye simu ya kawaida hakuwa akipata nafasi, bibi Veturia alikuwa akiidaka simu kabla haijaita mara ya pili, na babu akisema kutoka dirishani, "Mwambie niko salama." Nilimfundisha kwa dakika sita, nikakimbilia basi.

Bibi alikifumia kishikwambi mfuko wa sufu, na babu akatembea nacho kwapani kama padri na kitabu chake.

Shangazi hakuja kuzika. Kikongwe anayemtunza hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Alizika kwa simu: mimi nimeinyanyua juu ya kaburi, upepo unakula nusu ya maneno ya padri, na yeye kule anauliza, "Wamesema nini? Wamesema nini?"

Kwetu siku ya arobaini watu hawaji kula na kulia tu. Siku hiyo tunatoa. Chochote unachompa jirani kwa jina la marehemu, marehemu anakipata huko aliko. Ukitoa koti, huko amevaa koti. Ukitoa kitanda, huko amelala. Anayepokea anasema, "Mungu amrehemu," na hapo mlango umefungwa. Kitu hicho hakirudi tena. Ukikidai, umemvua marehemu mbele za watu.

Wiki moja kabla, bibi alinipigia simu kunisomea orodha. Suti, viatu, kitanda na mashuka yake, ndoo mpya, taa.

"Na kishikwambi nampa Onofrei."

"Onofrei? Si ndiye jirani aliyegombana na babu miaka thelathini kwa sababu ya ua wa mpakani?"

"Ndiyo. Na walicheza dadu miaka hiyo hiyo. Sasa Ilarion huko atacheza na nani, na malaika? Njoo ukisafishe. Ndani na nje. Hatutoi sadaka chafu."

Shangazi naye alipiga, jioni ile ile. "Smaranda, vitu vya baba viko salama?"

"Shangazi, vyote viko mtandaoni. Niliweka mwenyewe."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama chini ya kibao changu.

Kusafisha kishikwambi ndani maana yake ni kufuta kila kitu kiwe kama kimetoka kiwandani leo. Kazi ya saa nzima. Siku niliyokwenda kukisafisha, rafiki yangu Zamfira alikuwa anaolewa kijiji cha pili na nywele zangu zilikuwa bado hazijatengenezwa. Nikachukua pamba, nikailowesha pombe ya plamu ya bibi, nikapangusa kioo mpaka kikang'aa.

"Tayari," nikasema.

"Na ndani?"

"Ndani na nje, bibi."

Siku ya arobaini ilikwenda vizuri. Kulikuwa na ngano iliyochemshwa na sukari na kokwa za jozi, kabichi zilizofungiwa nyama, mikate ya kusuka yenye mshumaa juu yake. Bibi alimkabidhi mzee Onofrei kishikwambi ndani ya mfuko wake wa sufu, na mkate, na mshumaa unaowaka, mpaka mzee akakosa mkono wa kujifutia machozi.

"Mungu amrehemu," Onofrei alisema.

"Ukitumie kila siku," bibi alimwambia. "Ukikizima, Ilarion yuko gizani."

"Sina mtandao, Veturia."

"Utatumia wangu. Unafika mpaka kwenye ua."

"Ua upi? Wangu au wake?"

"Usianze, Onofrei. Mtu hajamaliza hata siku arobaini na moja."

Siku kumi na moja zikapita. Kisha shangazi akapiga simu dukani, saa nne asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejizuia kwa muda mrefu.

"Nitafutie sauti yake. Kitu chochote. Hata akikohoa. Nimeanza kuisahau, Smaranda. Nakumbuka anavyotembea, nakumbuka kofia, lakini sauti inaniponyoka."

"Dakika mbili, shangazi."

Niliifungua akaunti ya babu palepale kwenye kaunta, mteja ananitazama. Nilikuta picha elfu nne. Kidole gumba cha babu. Punda. Plamu. Kidole gumba tena, safari hii mbele ya kanisa. Picha ya mwisho ilikuwa ya Agosti ya mwaka juzi. Baada ya hapo hakuna kitu. Ile nafasi ya bure ilikuwa imejaa ndani ya miezi minne, na tangu siku hiyo kishikwambi kilikuwa kikimwambia babu kila asubuhi, Hifadhi imejaa, na babu, mtu mwenye adabu, kila asubuhi alibonyeza Baadaye. Sauti haikuwemo hata moja. Nilikuwa nimefungua ghala, nikaondoka na ufunguo, na kwa karibu miaka miwili nikawahubiria watu faida za ghala.

"Umepata?" shangazi aliuliza.

"Mtandao leo unasumbua," nikasema. Mteja alikitazama kibao, akanitazama mimi, akaondoka na simu yake.

Adhuhuri nilikuwa Prunesti. Mzee Onofrei alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya ukingo wa paa lake, kishikwambi mapajani, akigombana na mchezo wa dadu uliokuwa humo.

"Sita na sita! Unamwona huyu? Mashine inaiba kama Ilarion mwenyewe."

"Shikamoo, mzee Onofrei. Humo ndani kulikuwa na vitu vya babu. Bado vipo?"

"Vipo! Picha sijamaliza hata robo. Na zile sauti, ee binti, kumbe Ilarion alikuwa msemaji! Uani hapa alikuwa ananinunia tu, kumbe kila Jumapili anafunga mlango wa ghala na kuzungumza na Leontina. Zilikuwa sabini na nane."

"Zilikuwa?"

"Mashine inasema imejaa, haina nafasi ya mchezo wangu. Basi kila jioni nasikiliza moja, kwa heshima, halafu naifuta. Naanzia ya zamani, kwa utaratibu. Nimefika ya kumi na moja."

"Kwa nini usifute picha za kidole?"

"Picha sijamaliza kuziangalia. Unafutaje kitu ambacho hujakiangalia?"

Kishikwambi hakifuti kitu papo hapo. Kina kapu la taka, na taka hukaa humo siku thelathini. Nilishika ua kwa mikono miwili. "Mzee, lile kapu la taka umeligusa?"

"Nalimwaga kila jioni," alisema kwa fahari. "Mimi ni mtu msafi, muulize bibi yako."

"Nipe nivitoe vilivyomo. Nusu saa tu. Nikae hapa hapa, hutakipoteza machoni."

Onofrei alikikumbatia kifuani. Naapa hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa anaogopa. "Binti, nimepokea kwa mshumaa. Ukivuta kitu humu, Ilarion huko ataona kimepungua, na atajua ni mimi. Miaka thelathini ananiita mwizi wa mpaka. Unataka sasa awe na ushahidi?"

Nikaenda kwa bibi. Nilimkuta jikoni akikanda unga, na aliendelea kuukanda nilipokuwa nikizungumza, kwa nguvu iliyoongezeka.

"Kilichotolewa kimetolewa."

"Sikitaki kishikwambi, bibi. Nataka sauti. Na sauti nitainakili tu, yake itabaki palepale. Ukiwasha mshumaa kwa mshumaa, wa kwanza hauzimiki."

"Mshumaa ni nta. Sauti ni mtu." Kisha mikono yake ikasimama ndani ya unga. "Ngoja. Uliniambia umekisafisha ndani."

Nilikuwa nimesahau.

"Nilisafisha kioo."

"Kwa nini?"

"Harusi ya Zamfira."

"Kwa hiyo umedanganya juu ya sadaka ya babu yako kwa ajili ya nywele."

"Na uongo huo ndio uliookoa sauti yake. Ningekutii, saa hizi hakuna hata kikohozi."

"Ndiyo maana nimemwota," bibi alisema, si kwangu, kwa unga. "Ananiambia, Veturia, hiki ulichonipa kizito, kinakwenda polepole. Nikajiuliza, kina nini? Kumbe kichafu." Akanielekezea kidole cheupe. "Siku za mwizi ni arobaini. Wewe umengoja zipite ndipo unaanza kuiba."

Nilimwambia shangazi anasahau sauti ya baba yake. Bibi alirudi kuukanda unga. Halafu akasema nimuulize padri, kwa sababu yeye hana mamlaka ya kumpunguzia mtu kitu kule. Nilijua ameona haya, na kwa bibi, kuona haya na kukubali ni vitu viwili vinavyoishi nyumba tofauti.

Padri Teofan alikuwa bustanini kwake akinyunyizia nyanya. Alisikiliza, akachezea ndevu.

"Kitu kimetolewa pamoja na vilivyomo," alisema. "Ukitoa nyumba, huwezi kurudi kuchukua harufu ya mkate."

"Sichukui, Padri. Naongeza."

"Hapo ndipo penye ugumu. Je, marehemu atajisikia mara mbili?" Alifikiri, kisha akatoa simu yake ndani ya kanzu. "Lakini maadamu umefika. Hii yangu kila siku inasema hifadhi imejaa. Nabonyeza Baadaye. Kuna ubaya?"

"Mkubwa, Padri."

Nikampangia vitu vyake mpaka vikakaa sawa: mahubiri ya miaka minne, ubatizo, kuku wake wote kwa majina. Alifurahi kama mtoto.

"Asante, binti. Jibu langu kuhusu babu yako ni hapana."

Nilikaa kwenye benchi la kituo cha basi, mbele ya kanisa, jua linachoma. Jioni ingefika, na Onofrei angesikiliza ya kumi na mbili kwa heshima, angeifuta kwa utaratibu, angemwaga kapu. Nikaanza kufikiri kama fundi badala ya kufikiri kama mjukuu. Kishikwambi kilikuwa bado kimo ndani ya akaunti ya babu. Akaunti ilikuwa imekwama kwa kukosa nafasi, na neno la siri lilikuwa jina la punda. Na Onofrei alikuwa anatumia mtandao wa bibi, kwa amri ya bibi.

Nikaingia kwenye akaunti kwa simu yangu, nikanunua nafasi kubwa zaidi kwa bei ya soda mbili. Basi. Sikuvuka ua wala kugusa mfuko wa sufu. Nilikaa kwenye benchi nikitazama kioo changu, na baada ya dakika chache, kule kwa Onofrei, katikati ya mchezo wa dadu, ule mpango nilioupanga mwaka juzi ukaamka na kuendelea na kazi yake pale ulipoishia. Picha ya kidole. Picha ya kidole. Punda. Kisha sauti ya kwanza ikapanda. Kisha ya pili.

Basi la saa kumi likaja, likaondoka bila mimi. Nilikuwa nikiziteremsha sauti kwenye simu yangu moja moja kadiri zinavyofika, kwa sababu watu wengi hawajui jambo hili na mimi nalijua: mpango ule ni kioo cha kujitazamia, si nakala. Ukiondoka mbele ya kioo, na yule wa ndani anaondoka. Onofrei akifuta kule, na mtandaoni pamefutika. Nilipopanda basi la saa kumi na mbili nilikuwa nazo sitini na saba. Usiku ule ule zilikuwa mahali patatu. Nilizituma zote Padova bila kuzisikiliza. Nilitaka shangazi awe wa kwanza. Niliona ni heshima.

Siku mbili shangazi hakujibu. Siku ya tatu simu ya duka ikalia.

"Ya ishirini na sita," alisema, bila salamu. "Anasema, 'Leontina, na wiki hii umenyamaza. Sawa, una kazi.' Ya thelathini vilevile. Ya arobaini na moja anasema, 'Labda nimekuudhi na yale maneno ya Krismasi.' Maneno gani ya Krismasi, Smaranda? Sijawahi kuyasikia! Baba alidhani ananitumia. Mwaka na nusu anaongea peke yake ghalani, ananisamehe kila Jumapili."

Mbele yangu kulikuwa na mteja mwenye simu iliyolowa ndani ya mfuko wa mchele.

"Nani alimfundisha?" shangazi akauliza.

"Mimi."

"Ulimfundisha nini?"

"Bonyeza, ongea, bonyeza tena."

"Na kutuma?"

"Basi lilikuwa linaondoka."

Nilimsikia kikongwe wa Kiitalia akiomba maji, mara mbili, kwa upole. Shangazi akasema, "Bora nisingejua," akakata simu.

Bila shaka alimwambia bibi. Bibi alimwambia Onofrei, Onofrei akamwambia padri, na padri alishangaa mbele ya watu kwamba binti mwenye ujuzi kama ule anaweza kukosa utii kiasi kile, huku simu yake ikiwa kanzuni, imejaa nafasi. Kufikia mwisho wa wiki orodha yangu ya kuomba radhi ilikuwa ndefu kuliko orodha ya sadaka. Nimwombe babu kwa kumnyang'anya. Nimwombe Onofrei kwa kumpitia mlango wa nyuma. Nimwombe padri. Nimwombe shangazi kwa kumtwisha mzigo ambao hakuuomba, ingawa mimi nakumbuka vizuri aliuomba, saa nne asubuhi.

Zile kumi na moja za kwanza hazikupatikana. Ziko kichwani mwa mzee wa miaka themanini na moja, na hakuna nakala. Shangazi alimpigia amsimulie, na Onofrei alimsimulia zote, kwa moyo mkunjufu. Ajabu ni kwamba katika kila moja, kwa mujibu wa Onofrei, babu anakiri kuwa mpaka wa ua ulipaswa kuwa mita mbili ndani ya upande wetu.

Halafu, Jumapili moja, shangazi akarekodi jibu. Hakuniletea mimi. Alilituma kwenye akaunti ya babu, yaani kwenye kishikwambi, yaani mapajani mwa Onofrei. "Baba, nimesikia ya kumi na mbili. Sikunyamaza. Nimechelewa kusikia. Hapa mvua imenyesha siku tatu." Jumapili iliyofuata akajibu ya kumi na tatu, na hiyo ya Krismasi alipoifikia alilia mpaka Onofrei akasimamisha mchezo. Na bibi hakuwa na pa kushika, kwa sababu sheria ni yake mwenyewe: kinachotumika hapa, marehemu anakipata huko. Alijaribu kutafuta kasoro kwa siku nne. Hakuipata.

Sasa kila Jumapili, watu wakitoka kanisani, Onofrei anakitegemeza kishikwambi kwenye nguzo ya ua na kuongeza sauti mpaka mwisho, maana masikio yake ni ya umri wake. Bibi anapalilia kitunguu pembeni ya ua. Tuta lile halijaona jani la magugu tangu Mei. Jibu likiisha, anakaa ameinama kidogo zaidi, kisha ananyanyuka, anajipangusa magoti, na kama niko pale ananiambia, "Na wewe bado hujaomba radhi."

Kuhusu kile kitufe cha kutuma ambacho sikumwonyesha babu, nimekwisha kuzungumza naye mwenyewe kaburini, na maneno hayo si ya mtu mwingine.

Siku ya Pentekoste bibi alialika watu. Onofrei alikuwepo, padri alikuwepo, na shangazi alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maji, nusu ya uso wake ikionekana. Bibi aligonga bilauri kwa kisu.

"Smaranda ana neno la kuwaambia."

Watu wakaweka vijiko chini. Padri akapanga uso wa kusamehe.

"Ninalo," nikasema. "Siombi radhi. Si leo, si kwenye kumbukumbu ya babu ya nusu mwaka, wala ya mwaka."